Kilichokuwa Kisimani kwa Mutunga

Nimekunywa maji ya visima vya Juba, vya Mwanza na vya Lubumbashi, na kote huko sijawahi kujiaibisha kama nilivyojiaibisha Kawangware, mbele ya wapangaji wa vyumba tisa, siku ya pili ya Januari mwaka 2008, nikiwa nimeshika kikombe cha plastiki cha rangi ya waridi.

Kazi yangu ni kunusa udongo. Cheka tu, hata mama yangu alicheka. Stesheni ya petroli ikivuja chini kwa chini, mimi Nalianya ndiye ninayeitwa. Natoboa ardhi kwa chuma kirefu chenye meno, natoa udongo, naunusa, natia kidogo kwenye chupa, nasogea hatua tano, natoboa tena, mpaka harufu inipeleke kwenye tundu. Pua hii imenilisha miaka ishirini na mitatu. Lakini asubuhi hiyo nilikuwa nimetoka kwangu Kibera nikipita katikati ya vitoa machozi, na pua yangu ya kimataifa ilikuwa imeziba kabisa. Ungenipaka mavi ya bata kwenye masharubu nikakushukuru kwa marashi.

Aliyeniita ni Mutunga, seremala, mwenye ploti ile iliyo chini kidogo ya kituo cha Satellite. Mutunga alikuwa na kigugumizi, na majirani walikuwa wamekizoea. Wengi walimmalizia neno; ni mmoja mmoja tu aliyemsubiri, mkono kiunoni, mpaka litoke.

"Fundi, ch-ch-chai inanuka st-st-stovu," aliniambia. "Ta-tangu Krismasi."

Mkewe Mwongeli, ambaye sote tulimwita Mama Kaluki, akanichotea kikombe kutoka kisimani. Wapangaji wakatoka milangoni kutazama. Ilikuwa siku ya nne tangu mji uanze kuungua kwa ajili ya matokeo ya uchaguzi, na nyuso zao zilikuwa za watu wanaoomba mtu yeyote, hata mlevi, awaambie kwamba kitu kimoja tu hapa duniani kiko sawa. Nikawaonea huruma. Nikainua kikombe kama bwana harusi, nikanywa chote, nikainama juu ya mdomo wa kisima ili sauti yangu ingurume.

"Mama, maji ni safi kabisa! Kunyweni!"

Wakapiga makofi. Kisha nikapiga mbweu.

Rosebella, mke wa Oyoo wa chumba namba saba, alikuwa amesimama karibu. Akarudi nyuma na leso puani.

"Ai, fundi! Mdomo yako inanuka jenereta!"

Ploti nzima ikaangua kicheko. Mimi nikacheka kuwashinda, nikasema ni omena za jana, wale dagaa wa ziwani. Hilo ndilo kosa langu na naliandika bila kulipamba: niliambiwa ukweli mbele ya watu nikaufanya mzaha, kwa sababu nilikuwa nimeshapigiwa makofi.

Jambo moja zaidi niliondoka nalo. Nilipokuwa nafunga mkoba, Mutunga alikuwa akiteka maji huku akiimba wimbo wa kanisani kwa Kikamba, kama alivyofanya kila siku. Akiimba hakukwama hata silabi moja. Sauti yake ilishuka kisimani ikarudi juu, kama kawaida ya visima. Ila siku hiyo ilichelewa. Ilikaa chini kidogo, kama vile mtu huko ameshika mstari, anaukariri kwanza, ndipo anaurudisha.

Nikajiambia ni masikio. Mguu mmoja ulikuwa tayari nje ya geti.

*

Yaliyofuata nilisimuliwa na Mama Kaluki mwenyewe.

Siku ya Ijumaa kisima kilianza kutoa mlio wa koo. Glu, glu, kama mtu mwenye kiu anayekunywa bila kupumua, na ilikuwa mchana, jua kali, watoto wakicheza. Ndoo ikapanda na maji ya uvuguvugu. Mutunga akaamua kushuka akasafishe chini. Kisima alikichimba kwa mikono yake mwaka 1996, na mtaalamu, yaani mimi, alikuwa amekunywa na kusema ni salama.

Sasa, mchimba kisima yeyote, wa hapa au wa Juba, hashuki kabla ya kushusha mshumaa. Unaufunga kwenye mkebe, unauteremsha kwa kamba. Ukizimika, hewa ya chini ni mbaya, usishuke. Ukiendelea kuwaka, shuka. Ni desturi nzuri. Imeniokoa mara tatu. Lakini ni desturi ya visima visivyo na petroli, na Mutunga aliifuata.

Mama Kaluki alikuwa kwenye kizingiti akichambua maharagwe. Anasema alisikia kisima kikivuta pumzi. Halafu moto ukatoka, haukutawanyika kama moto wa jiko. Ulitoka kama mkono, wenye kiwiko, ukamshika Mutunga usoni na kumvutia kwake, naye akashika ukingo wa mawe kwa mikono miwili akipiga kelele ambayo, Mungu amrehemu, haikuwa na kigugumizi. Walipomtoa, ngozi ya viganja ilibaki kwenye mawe. Alikufa hospitalini siku ya tatu. Mwili ulikuwa bado mochari wakati ploti ilipoanza kupiga hesabu.

Na hesabu ilikuwa rahisi. Jumatano fundi amekunywa, maji ni safi. Ijumaa kisima kimelipuka. Basi petroli ilimwagwa Alhamisi. Na ni nani hapa ploti anayeshika petroli kila siku? Oyoo alikuwa mhudumu wa pampu kwenye stesheni iliyo juu ya mteremko. Suruali yake ilinuka petroli hata siku ya kanisa. Isitoshe, ilikuwa ile Januari ambayo jina lako la pili lilitosha kukuhukumu, popote uliposimama na yeyote uliyekuwa.

Hapo ndipo kisima kilipoanza kuzungumza.

Kilimsemesha kila mtu peke yake, kwa lugha ya mama yake. Mama wa chumba cha pili alisikia Kiluhya. Mzee wa chumba cha tano alisikia Kikuyu. Rosebella aliposogea kuanua nguo alisikia Kijaluo kikimwambia majirani wananoa nini na wamekificha wapi, akarudi ndani mbio na kusukuma kitanda mlangoni. Lakini Mama Kaluki alisikia Kikamba, na sauti ilikuwa ya mumewe, nzima, laini, kama siku za kuteka maji.

"Ni Oyoo," ilimwambia. "Niletee Oyoo."

*

Simu ya Oyoo ilinikuta nyumbani Kibera, kwenye chumba nilichopanga kwa Habuba. Hilo ni neno la Wanubi kumaanisha nyanya, nasi wapangaji wote tulimwita hivyo. Jina lake ni Kaltuma, na watu walitoka mpaka mtaa wa Ayany kuja kuombewa naye, Wakristo wengi wakijifanya wamekuja kununua mandazi.

"Fundi," Oyoo alinong'ona, "kuja useme ile siku pua yako ilikuwa imeziba. Ndeti ameleta vijana. Wananiua leo, saa saba."

Ndeti alikuwa mdogo wake Mutunga.

"Na nikisema hivyo watanifanya nini mimi?" nikauliza. Ndiyo, niliuliza hivyo. Mtu mzima mwenye ndevu.

"Sijui, buda. Mimi najua watanifanya nini."

Akanieleza haraka, kwanza sauti ya kisimani, kisha tangi. Siku moja kabla ya uchaguzi mwenye stesheni alijaza tangi mpaka juu akihofia uhaba. Oyoo alilipima kwa ile fimbo ndefu ya kila asubuhi, akaichora mstari wa chaki. Tangu hapo stesheni ilifungwa, stima ikakatwa, hakuna aliyepima tena. "Enda upime. Fimbo iko ukutani, nyuma. Kama tangi bado imejaa, basi nitupeni kisimani."

Nilipokata simu Habuba alikuwa mlangoni, amesikia yote.

"Ni wewe uliyewaambia maji safi?"

"Ni mimi, Habuba."

"Vaa viatu."

Nikamwona anachukua kile chetezo chake cha udongo cha kufukizia ubani. Nikamwambia, "Habuba, pale ukiwasha hata kaa moja la moto tunakutana na Mungu kabla ya adhuhuri."

"Mimi mzee, si mjinga. Mkaa naacha. Chetezo ni cha kumwonyesha tu, ajue nani amekuja."

Tulipita Ayany, tukavuka Ngong Road, na kwenye kila kizuizi cha matairi yanayowaka vijana walidai vitambulisho wasome majina. Changu walikigeuza mara mbili. Habuba hakutoa chochote. Aliwaambia, "Kijana, mama yako alizaliwa mikononi mwangu. Sogeza tairi." Wakasogeza. Sina hakika kama alimjua hata mmoja.

Kwenye stesheni hapakuwa na mtu. Vioo vilikuwa chini, lakini kufuli la mfuniko wa tangi lilikuwa zima, na kutu ya siku nyingi juu yake. Nikalivunja, nikashusha fimbo. Ilipanda ikiwa imelowa mpaka chini kabisa ya mstari wa chaki, tofauti ya mkono wangu mzima kuanzia begani. Hakuna aliyechota. Ardhi ndiyo iliyokuwa ikinywa. Nikateremka hadi geti la Mutunga, nikadidimiza chuma changu, na udongo ukatoka mweusi, umelowa, ukinuka mpaka macho yakaniuma. Pua ilikuwa imerudi. Imerudi wiki moja baada ya kazi.

Ndani, kelele zilikuwa zimeanza.

*

Walikuwa wameshaupasua mlango wa namba saba kwa panga. Oyoo alikuwa ameushikilia kutoka ndani, na panga lilipopita kwenye ufa lilichukua vidole viwili vya mkono wake wa kushoto. Nilivikanyaga kabla ya kujua ni nini. Walimburuta kwa shati mpaka kisimani. Rosebella alikuwa amelala juu ya miguu yake, na mtu mmoja alikuwa akimpiga mgongoni kwa ubapa wa panga, taratibu, kama anayepiga godoro vumbi. Mama Kaluki alisimama kando ya kisima, mkavu.

"Mimi ndiye mwongo!" nikapiga kelele, fimbo juu. "Sikunusa! Pua ilikuwa imeziba! Petroli ilikuwemo tangu Krismasi, inatoka kwenye tangi la juu, ona hii chaki—"

Jiwe likanipata mdomoni. Nilitema meno mawili, na moja lilikuwa la kununua.

"Peleka chaki yako shule!" Ndeti alifoka. "Ulikunywa! Tulikuona wote! Amekulipa ngapi?"

Nilianguka magoti, uso wangu ukawa juu ya ukingo wa kisima, na mvuke ule mtamu ukaniingia kichwani, na hapo kutoka chini, polepole, nikasikia Kibukusu, Kiluhya cha kwetu, ambacho hakuna mwingine hapo ploti alikizungumza, sauti ya marehemu mama yangu akiniambia nyamaza mwanangu, umeshasema, wamekataa, hakuna atakayekulaumu, wakishamtupa huyu mmoja aibu yako inazama naye, hakuna atakayekumbuka kikombe, utarudi kwako, utacheka tena, nyamaza, na nitakuambia kweli, kwa muda wa pumzi mbili au tatu, huku damu ya Oyoo ikichuruzika kwenye mawe karibu na kidole changu, niliona maneno yale yana akili.

Nikahisi mkono mkavu kwenye kola yangu. Habuba akanivuta nyuma kama mbuzi.

Akaweka chetezo kisicho na moto ukingoni. "Mimi Kaltuma," akasema kisimani, kama mtu anayebisha hodi. "Wewe nani?"

Mlio wa kunywa ukakoma. Vijana wakakoma pia, panga hewani. Hewa ya juu ya kisima ilikuwa ikicheza kama juu ya jiko, na ukuta wa upande wa pili ulionekana kuyumba nyuma yake, na katika kuyumba kule kulikuwa na kimo cha mtu.

"Ni mimi, Mutunga," kisima kikasema, na safari hii wote walisikia. Kwa Kikamba, halafu kwa Kiswahili, kwa faida yetu. "Oyoo ndiye aliyeniua. Oyoo. Mleteni Oyoo."

Watu walilia. Ndeti alilia. Akamshika Oyoo nywele na kuinua kichwa chake.

Habuba hakumtazama Ndeti. Alimgeukia mjane.

"Mama, mimi huyo mume wako sikumjua. Wewe umelala naye miaka. Msikilize vizuri. Ni yeye?"

Mama Kaluki akasogea. Akainamisha kichwa, upande wa sikio.

"Sema tena," akaliambia lile shimo.

"Oyoo," sauti ikasema, laini kama mafuta. "Oyoo, Oyoo, Oyoo."

Mama Kaluki akashika ukingo wa mawe, sikio bado chini. Kisha alianza kutikisa kichwa, na machozi, ambayo hayakuwa yametoka tangu hospitalini, yakatoka.

"Mutunga hajawahi kusema hilo jina mara moja," alisema. "Miaka sita. Kila asubuhi O-o-o-o, mpaka maji inachemka. Na huyu," akamwonyesha Oyoo aliyelala kwenye damu, "huyu alikuwa anamngoja. Wengine nyote mlikuwa mnammalizia maneno. Huyu hajawahi kummalizia."

"Shemeji—" Ndeti akaanza.

"Nyamaza! Hiyo sauti ni ya wimbo. Ndiyo pekee ilikuwa inashuka huko chini, ya wimbo." Akainama juu ya kisima akakitemea mate. "Wewe si bwana yangu! Bwana yangu alikuwa anakwama!"

Kilichotoka huko chini sikiiti sauti. Zilikuwa zote, za kila mtu aliyewahi kuteka maji pale, mama zetu, watoto, Mutunga akiimba, zikisemwa kwa pamoja na kinywa kimoja kilichojaa maji, na mawe ya ukingo yakatetemeka, na Ndeti, kwa hofu au kwa hasira au kwa sababu tu alikuwa ameishika tangu asubuhi kwa ajili ya Oyoo, akawasha njiti ya kiberiti.

Moto wa petroli kwenye jua la saa saba hauonekani vizuri. Tuliona tu hewa ikimkumbatia Ndeti. Tuliona nywele zake zikijikunja na shati likiwa jeusi, naye akicheza dansi katikati ya uwanja akipigwa na kitu ambacho hakuna aliyekiona, akigeuzwa huku na huku kwa mabega kama nguo inayokamuliwa. Mtu akakimbia na ndoo ya maji.

"Si maji! Maji inaisambaza! Mchanga!"

Aliyepiga kelele ni Oyoo. Alikuwa ameshaamka. Pembeni palikuwa na lundo la mchanga wa Mutunga wa kujengea, na Oyoo alimwangusha Ndeti juu yake kwa bega, akamfukia kwa mikono yote miwili, ule mzima na ule wa vidole vitatu, damu na mchanga pamoja, mpaka kelele zikawa kilio cha kawaida cha binadamu. Kisha sote, wenye mapanga na wasio na mapanga, tukajaza mchanga mdomoni mwa kisima kwa makarai, kwa sufuria, kwa viatu, huku Habuba ameketi kando akisoma dua zake kwa sauti ndogo, akisimama kidogo, akisikiliza, akiendelea.

Baadaye nilimuuliza. "Habuba, amekubali kutoka?"

"Amekubali."

"Lini?"

"Hakusema."

*

Ndeti aliishi, bila masikio. Oyoo na Rosebella walihamia kwa ndugu zao upande wa ziwa wiki ile ile, na sikumsikia mtu akiwazuia wala akiwaomba msamaha.

Amani iliposainiwa tulilifukua lile tangi. Tundu lilikuwa dogo, ncha ya kidole cha mwisho ingeliziba. Tulichimba udongo mweusi malori kumi na moja, na mwenye stesheni, akisukumwa, akaleta mashine ya kuvuta. Kisima tulikifungua, tukakivuta petroli iliyoelea juu ya maji, wiki baada ya wiki, kwanza unene wa kiganja, kisha wa kidole, kisha rangi tu kama ya shingo ya njiwa, kisha hakuna. Niliifanya kazi hiyo bila kulipwa. Sikutaka kupigiwa makofi na mtu yeyote.

Agosti nikaja na kipimo cha mwisho. Nilikuja peke yangu, mchana, na meno ya kununua mapya. Karatasi za maabara zilikuwa mfukoni na zilikuwa nzuri. Nikateremsha kopo, nikalipandisha, nikanusa mara saba. Hakuna kitu. Harufu ya mawe tu.

Nyuma yangu Mama Kaluki alikuwa amesimama kizingitini, ungo kiunoni, akitazama mgongo wangu. Nilijua anangoja nimwambie. Nikapanga maneno. Nilitaka kuanza kwa kumwomba radhi, na sikujua niombeje, kwa hiyo nilibaki nimefunga mdomo, nimeinama, kopo mkononi.

"Mama, maji ni safi kabisa!" ikanguruma sauti yangu. "Kunyweni!"

Ilitoka chini.

Sikugeuka. Shingo ilikataa. Nikasikia ungo ukiwekwa chini, na hatua zake mbili kwenye changarawe, na Mama Kaluki, ambaye kutoka alipokuwa hakuweza kuuona mdomo wangu, akanijibu:

"Basi kunywa wewe."